Kadi za Plickers kwenye darasa la wanafunzi 74 na simu moja

Nafundisha fizikia kwenye shule ya kata hapa Mbarali, katikati ya majaruba ya mpunga. Huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Kidato cha pili, mkondo wangu, wako 74. Miaka yote hiyo nilikuwa nauliza swali, mikono sita inanyooka, ileile ya jana na juzi, nachagua mmoja, anajibu vizuri, nafuta ubao na kusonga mbele. Wale wengine 68 nilikuja kuwasoma kwenye karatasi za mtihani, wakati mada imeshapita. Kwa hiyo ninaposifia kitu kilichonionyesha vichwa 74 ndani ya nusu dakika, naomba mwalimu mwenzangu unielewe ninatokea wapi.

Plickers ni programu ya simu inayotumika pamoja na kadi za karatasi. Mwanafunzi hahitaji simu wala kompyuta, na wala darasa halihitaji umeme. Kila kadi ina umbo jeusi la pembe pembe, lisilofanana na la kadi nyingine, pamoja na namba. Kwenye pande zake nne kuna herufi A, B, C na D, zimechapwa ndogo kabisa, kiasi kwamba jirani akichungulia haambulii kitu. Anayetaka kujibu C anaizungusha kadi mpaka C ikae juu, kisha anainyanyua mbele ya kifua. Mimi nasimama mbele na simu yangu, naipitisha taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni, na kamera inasoma. Umbo linaiambia simu ni nani, mwelekeo unaiambia amejibu nini. Jina linaota kwenye kioo, kijani kama amepata, nyekundu kama amekosa, na chini yake nahesabiwa wangapi wamechagua A, wangapi B. Ukiwa na projekta unaweza kuwarushia swali na matokeo ukutani. Sina projekta. Swali naliandika ubaoni kwa chaki, na mambo yanakwenda.

Kadi zenyewe zinapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Kuna seti ya 40 na seti ya 63, na ukurasa wa A4 unabeba kadi mbili. Gharama yangu ilikuwa steshenari tu: kuchapa kurasa 32 kwa shilingi 200 kila moja, jumla 6,400, na manila za kubandikia. Bando linaliwa kidogo. Maswali nayaandaa nyumbani jioni, matano kwa kipindi, sizidishi.

Hapa niseme jambo litakalokuokolea hela. Mara ya kwanza nilipeleka kadi zote zikapakwe plastiki ya kung'aa, kwa sababu najua mikono ya watoto wanaotoka kufagia uwanja. Zilitoka nzuri kweli. Darasa langu lina madirisha upande mmoja, na ikifika saa nne jua linaingia moja kwa moja. Safu mbili za upande wa dirisha zikawa zinanyanyua vioo: mwanga unarudi kwenye kamera, umbo halionekani. Baadaye nikasoma maelekezo ya wenye programu, wameandika wazi kwamba plastiki ya kung'aa inaleta shida, mtu atumie isiyong'aa. Nilipaswa kuyasoma kwanza. Nikachapa upya, nikabandika kwenye manila kwa gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe, na muhula wa pili huu zinaendelea. Jambo jingine ni vidole. Kidole kikifunika hata kona ya umbo, kadi haisomeki. Wafundishe siku ya kwanza kushika pembezoni, kwa vidole viwili viwili, na mfanye zoezi la swali la mchezo kabla ya swali la somo. Mimi niliwauliza nani ana mpunga mzuri zaidi, Ubaruku au Chimala. Darasa lilipasuka.

Sasa hesabu: kadi zinaishia 63, watoto ni 74. Siku ya kwanza niligawa kuanzia mbele, na 11 waliokosa wakawa wa nyuma kabisa, wale wanaokaa nyuma kwa sababu hawataki kuonekana. Niliwaona wakiangalia wenzao wananyanyua, na mmoja akageukia dirisha. Nilirudi nyumbani na sura hiyo. Kesho yake nikagawa kadi moja kwa dawati, watoto wawili wawili, kadi 37. Nilifanya hivyo kwa sababu ya upungufu, lakini ndipo kadi zilipoanza kufanya kazi ambayo sikuitegemea. Watoto wawili wenye kadi moja lazima wakubaliane kabla ya kuinyanyua, na hawawezi kukubaliana bila kuzungumza fizikia.

Niwape mfano wa swali lililonifanya niamini. Nimechora ubaoni glopu tatu zinazofanana, zimeunganishwa kwa mfululizo na betri mbili za tochi. Ipi inawaka zaidi? A, iliyo karibu na ncha chanya ya betri. B, ya katikati. C, ya mwisho. D, zote sawa. Hili nimelifundisha miaka 14. Wanafunzi wangu wanakokotoa ukinzani wa jumla bila kukosea, wanagawa volti kwa omu wanapata ampea, alama zote. Nikapitisha simu. Kadi 26 kati ya 37 zilisema A.

Nilisimama kidogo nikiangalia kile kioo. Zamani ningemuita mmoja wa wale sita, angesema D, ningemsifia, tungeendelea. Safari hii sikutaja jibu. Nikawaambia wageukie dawati la nyuma yao, wabishane, kila upande utoe sababu, dakika tatu. Nikatembea katikati ya madawati nikisikiliza. Kijana mmoja ambaye sauti yake sikuwa naijua, maana tangu kidato cha kwanza alikuwa hajawahi kunyoosha mkono, alikuwa anawaeleza wenzake watatu: "Umeme ni kama maji ya mfereji. Mwenye shamba la juu anapata ya kutosha, wa chini anapata matope." Nilitamani kumkumbatia. Hilo ndilo kosa lenyewe, limetamkwa vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia semina yoyote, na limetoka majarubani, anakoishi. Watoto wa bonde letu hili la Usangu wote wanajua ugomvi wa maji kati ya shamba la juu na la chini. Kumbe ndiyo picha waliyokuwa nayo kila nilipotaja mkondo wa umeme, na mimi nimewafundisha kwa neno hilo hilo "mkondo" bila kuuliza wanaona nini.

Aliyemjibu alikuwa msichana wa dawati la pembeni. Akasema: "Lakini glopu haichoti. Mkulima anachota maji yanabaki kwake. Kwenye waya yakiingia yanatoka, hakuna mchepuko." Wakanyanyua mara ya pili: D zikawa 24. Baada ya hapo nikatoa glopu tatu za tochi, waya na betri, tukaziwasha mbele yao, zote sawasawa. Waliosimama juu ya madawati kuona ni wengi, sikuwakataza. Ndipo nikaeleza kwamba kinachobaki kwenye glopu ni nishati, chaji zenyewe zinazunguka zote, na maelezo yale yalikuta mahali pa kukaa.

Njia hii ya kupigisha kura, kubishanisha, kisha kupigisha tena si ya kwangu, wala si ya Plickers. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake wanaofaulu mahesabu magumu wanashindwa maswali mepesi ya maana ya nguvu na mwendo. Kama wanafunzi wa Harvard walikuwa hivyo, nikaacha kuwalaumu wangu. Kipimo chake kinanisaidia sana: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane, ndipo mabishano yanapozaa. Chini ya hapo, rudi ufundishe, hawana cha kubishania. Juu ya hapo, eleza kwa kifupi uende. Kwa kadi zangu 37 ina maana kati ya 11 na 26. Siku ile ya glopu waliopata walikuwa wanane tu, chini ya kipimo, nami niliwaacha wabishane kwa sababu nilitaka kusikia wanachofikiri. Yule msichana ndiye aliyetuokoa. Siku nyingine nimejaribu hivyo hivyo na kura ya pili ikatoka mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa waliokosa walikuwa wengi na wana maneno.

Kuna suala la lugha, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto wetu anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kwa Kiingereza. Ukimuuliza swali la fizikia kwa Kiingereza unamuuliza maswali mawili kwa pamoja, na akinyamaza hujui ameshindwa lipi. Kadi inamwondolea mzigo mmoja. Hahitaji kutunga sentensi mbele ya watu 73 watakaocheka akikosea wakati wa kitenzi. Anazungusha karatasi. Mabishano ya dawatini naruhusu Kiswahili, Kisangu, chochote wanachofikiria nacho, na jibu la mwisho tunaliandika wote kwa Kiingereza kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza. Najua shule nyingine zinaadhibu mtoto anayeongea Kiswahili darasani. Mimi siwezi tena, nikishasikia yale ya mfereji.

Kadi zimenifundisha kusubiri pia. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 na kukuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakifikisha tatu majibu ya watoto yanakuwa marefu na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni na sikuwahi kulifanya, kwa sababu ukimya wa darasa unamtisha mwalimu. Sasa nasubiri kwa lazima, maana kwenye simu naona majina ambayo bado hayajasomeka, na siwezi kwenda mbele huku kadi kumi ziko chini.

Nilifanya kosa moja kubwa muhula wa kwanza. Programu inatunza majibu ya kila kadi, unaweza kuyaangalia baadaye swali kwa swali, jina kwa jina. Nikaona ni rahisi, nikaanza kuyaingiza kwenye alama za mazoezi. Wiki mbili tu zilitosha. Mabishano yakafa. Madawati mazima yakawa yanaangalia wale sita wanazungusha kadi upande gani, wakajua kabisa kufuatisha mwelekeo wa umbo hata bila kusoma herufi. Kosa lililokuwa linasemwa kwa uhuru likawa tena la kufichwa. Nikawaambia mbele yao kwamba nimekosea, alama nimezifuta, kadi haitahesabiwa tena kamwe. Ilichukua karibu mwezi kurudi tulipokuwa. Mwalimu atakayesoma hapa asirudie hilo. Kufuatisha umbo kunapungua pia ukichanganya kadi mara kwa mara au ukiwaambia wote wanyanyue kwa hesabu ya tatu.

Upande wa ofisini, jiandae kueleza. Mwalimu kushika simu darasani ni jambo linaloonekana vibaya, na kelele za mabishano zinavuka ukuta. Mwalimu wa taaluma alikuja mlangoni wiki ya pili kuuliza kulikoni. Nilimpa kadi, nikampa na mwenza wa kukaa naye, akajibu swali la mashine rahisi. Tangu siku hiyo hajauliza tena, na mwalimu wa baiolojia ameazima kadi zangu.

Kama unalinganisha na nyingine: Kahoot!, ile ya Norway iliyotoka mwaka 2013, nimeichezea kwenye mafunzo ya walimu na inachangamsha kweli, ila kwa kawaida inataka kila mtu awe na kifaa na ukuta wa kurushia swali, na watoto wetu hawaruhusiwi simu shuleni. Tena kwa kawaida inatoa alama zaidi kwa anayewahi. Mtoto anayefikiri polepole anaadhibiwa kwa kufikiri. Kinachokaribia kadi kwa ubora, na labda kinazipita kwa namna moja, ni vibao vya kuandikia: kipande cha manila ndani ya plastiki angavu, na kalamu ya kufutika. Pale mtoto anachora, anaandika mlinganyo, anaonyesha mishale ya nguvu. Kadi ni za maswali ya kuchagua tu. Huwezi kumwomba mtoto aeleze kwa nini. Hesabu ya haraka ya watu 74 ndipo kadi zinaposhinda, maana vibao 74 macho hayawezi kuvisoma.

Na kuna yasiyohusu kadi kabisa. Mpunga unapoanza kukomaa, watoto wanakwenda kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka kwenye shamba lisilo na mtu, familia inapoteza chakula cha mwaka ndani ya asubuhi chache, kwa hiyo mzazi anapomtuma mtoto jarubani simwoni kama adui wa elimu. Msimu huo nikipitisha simu, madawati yanayobaki bila rangi ni mengi, na ni yaleyale kila siku. Daftari la mahudhurio lilikuwa linaniambia hivyo hivyo, ila lile nililizoea. Kuona dawati la yule kijana wa mfereji limekaa bila rangi siku tisa mfululizo kulinitoa ofisini. Nilikwenda na mwalimu wa malezi mpaka shambani kwao. Baba yake alitupokea vizuri sana, tukakaa kivulini, tukakubaliana zamu: kijana asubuhi mpaka saa nne, mdogo wake Jumamosi, mama mchana. Akarudi darasani kwa vipindi vya baada ya saa nne, nami nikabadilishana kipindi na mwalimu wa historia ili fizikia iangukie hapo. Kwa wengine haikuwezekana. Chakula cha mchana nacho: siku ambayo uji haukupikwa, kipindi cha saa nane hakuna kadi inayonyanyuliwa kwa moyo, hata swali liwe tamu vipi.

Kwa hiyo nazipa nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa sababu ya ile 63. Kwa shule nyingi za nchi zetu idadi hiyo inawaacha watoto nje, na si kila mwalimu atafikiria kugawa kwa dawati. Ningeomba pia maswali ya Kiswahili yaliyokwisha kutungwa yawe mengi, maana kazi yote iko kwenye swali. Swali bovu, kama lile la kuuliza kizio cha nguvu ni kipi, linaua kipindi hata ukiwa na kadi za dhahabu: anayejua anajua, asiyejua hana cha kubishania. Swali zuri ni lile ambalo jibu la kosa lina sababu yake ya kueleweka, kama maji ya mfereji. Mimi natumia saa nzima kutunga matano.

Na sasa natungiwa. Tangu mwezi uliopita nimewaruhusu waniletee maswali Ijumaa, wenyewe watunge na majibu ya kosa. Msichana yule wa "glopu haichoti" mama yake anauza barafu na juisi stendi. Ameniletea hili: barafu mbili zimetolewa pamoja, moja imefungwa kwa blanketi, nyingine iko wazi kwenye sahani. Ipi inaisha kwanza? Tumepiga kura Ijumaa kabla ya kengele. Kadi 19 zinasema ya blanketi, kwa kuwa blanketi linatia joto. Kadi 17 zinasema ya wazi. Yeye mwenyewe alikataa kusema anavyoona nyumbani kwao, kadi ya dawati lake akaiacha mezani. Waliendelea kubishana mpaka getini, niliwasikia. Jumatatu kipindi cha tatu tunapima. Barafu nimeagiza vipande viwili kwa mama yake, blanketi analeta yule kijana.